Je, wajua kwanini mapadri wa Marekani walikuwa wanaenda Ulaya kuomba hela?

Wengi wetu tuliokulia parokiani tumezoea kuona msaada ukitoka Marekani. Paa la kanisa likikwama, padri anaandika barua kwa marafiki zake wa huko. Sasa ukiambiwa miaka 200 iliyopita ilikuwa kinyume chake, yaani askofu wa Marekani ndo alikuwa anapanda meli kwenda kugonga milango ya Lyon na Paris kule Ufaransa, na Vienna ya Austria, kuomba hela ya seminari, unaweza usiamini kabisa. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa Roma, Marekani ilikuwa nchi ya misheni, na ilihesabiwa hivyo mpaka 1908 Papa Pius X alipobadilisha. Wakatoliki walikuwa wachache na wengi wao hawana kitu, halafu katiba ya kule hairuhusu serikali kuwa na kanisa lake, kwa hiyo padri hakuwa na mshahara wa serikali kama wenzake wa Ufaransa walivyokuwa wanalipwa wakati ule. Na majimbo yalikuwa makubwa ajabu. Askofu Louis Dubourg aliwekwa wakfu Roma mwaka 1815 akapewa Louisiana, na usifikirie ile Louisiana ndogo ya kwenye ramani ya leo, ni lile eneo lote ambalo Napoleon aliwauzia Wamarekani mwaka 1803, kuanzia New Orleans unapandisha na mto Mississippi mpaka kaskazini huko, na mapadri wenyewe wa kuhesabu.

Dubourg hakukimbilia jimboni. Alibaki Ulaya karibu miaka 2 akitafuta watu na hela, akaja kuondoka Bordeaux 1817 na kundi lake kwenye meli aliyopewa na mfalme Louis wa 18. Ila kabla ya hapo alipita Lyon akamwachia ombi mama mmoja mjane, Bi Petit, kwamba wamsaidie huko nyuma.

Hapo Lyon kulikuwa na binti anaitwa Pauline Jaricot, aliyezaliwa 1799, baba yake tajiri wa biashara ya hariri. Kaka yake alikuwa seminari Paris na alimwandikia jinsi misheni za Asia zilivyoishiwa. Pauline akaanza na wafanyakazi wa viwanda vya hariri, wengi wasichana: kila mtu atoe sou 1 kwa wiki, sarafu ndogo kabisa, sentimu 5. Mtu mmoja anatafuta wenzake 10 na kukusanya zao, vikundi 10 vinakuwa na kiongozi wa watu 100, na yeye anapeleka kwa kiongozi wa watu 1,000. Basi! Mimi huu mfumo unanigusa sana, maana mapinduzi ya 1789 yalikuwa yamelinyang'anya kanisa la Ufaransa mali zake, zile hela kubwa za zamani hazikuwepo tena, na binti wa miaka 20 akaona kwamba zilizobaki ziko mifukoni mwa watu wa kawaida, kidogo kidogo.

Tarehe 3 Mei 1822 watu wa Dubourg walikutana Lyon wakitaka kuanzisha chama cha kusaidia Louisiana. Kwenye kikao ikaonekana isiwe ya Louisiana peke yake, isaidie misheni za dunia nzima, wakauchukua mfumo wa Pauline, na hapo ndo kikazaliwa Chama cha Uenezaji wa Imani. Mwaka wa kwanza zilipatikana faranga 22,000 na kitu, zikagawanywa kati ya Asia, Louisiana na Kentucky, hiyo nayo ni ya Marekani.

Vienna nao wakafuata mwaka 1829, baada ya padri Frederic Rese kutumwa na askofu wa Cincinnati kuja kuomba. Huko nako watu walitoa sarafu ndogo kila wiki. Sasa kilichofanya watu waendelee kutoa ni barua. Padri akiwa porini anaandika, barua inachapishwa kwenye jarida, jarida linapita kwenye kikundi mkono kwa mkono, na yule msichana wa kiwandani anasoma sarafu yake imefika wapi. Padri Frederic Baraga, Mslovenia aliyefika Marekani mwisho wa 1830, aliandika sana Vienna kutoka kwa Waottawa na Waojibwe, wenyeji wa asili wa Maziwa Makuu ya kule. Wakati wa baridi alitembea safari ndefu na vile viatu vipana vya kukanyagia theluji. Mwaka 1836 akarudi Ulaya mwenyewe kuomba, na vitabu vyake vya lugha za wenyeji vikachapwa Paris. Barua zilileta hela, zilileta na mapadri wengine.

Sio wote walifurahi. Samuel Morse, huyu huyu wa telegrafu, mwaka 1834 aliandika mfululizo gazetini New York akidai hela za Vienna ni njama ya mfalme wa Austria kuiteka Marekani, na watu wengi wakamwamini. Inauma, maana zilikuwa senti za watu maskini zilizokuwa zinanunua mbao na kalisi.

Mfuko uleule wa Lyon ulisaidia pia misheni ya Bagamoyo iliyoanza 1868. Marekani yenyewe ilipopata nguvu ikaanza kutuma watu wake, Wamaryknoll, wamisionari Wakatoliki wa Marekani, walifika Musoma mwaka 1946. Pauline alifariki 1862 akiwa fukara, akatangazwa mwenyeheri hapo Lyon Mei 2022. Chama chake kilihamishiwa Roma mwaka 1922, na sadaka inayokusanywa makanisani Jumapili ya Misheni kila mwezi wa 10 inaenda kwenye mfuko huohuo.