Udumavu ni nini, na kwa nini upo hata penye maghala yaliyojaa

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kupita kiasi kwa umri wake kwa sababu mwili ulikosa virutubisho, au uliandamwa na maradhi ya mara kwa mara, katika kipindi ambacho ulipaswa kukua kwa kasi. Hutambuliwa kwa kulinganisha urefu wa mtoto na viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Mvulana aliyetimiza miaka miwili, kwa mfano, hutarajiwa kufikia takribani sentimita 87, na akiwa chini ya sentimita 81 huhesabiwa kuwa amedumaa. Hali hii isichanganywe na ukondefu, ambao huja upesi baada ya njaa au ugonjwa na ambao mzazi huuona kwa macho. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa na kucheza na wenzake mchana kutwa, wala pale nyumbani asishtuke mtu.

Ndiyo maana tatizo hili limekaa nasi muda mrefu huku Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, lakini Iringa walikuwa karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa takribani nusu. Hii ni mikoa inayolisha miji kwa mahindi, maharage na viazi, na wapo wanaozikataa takwimu hizo wakisema kwamba kwetu hakuna anayelala njaa. Nawaelewa, ila kushiba ni jambo moja na kupata lishe ni jambo jingine.

Tuangalie kikombe cha mtoto wa mwaka mmoja msimu wa kupalilia. Mama amewahi shambani, na mtoto ameachwa na dada yake mdogo pamoja na uji wa sembe uliopikwa alfajiri. Uji ni mwepesi kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unamwagika wote kama chai, na kwa kuwa tumbo la umri huo ni dogo, hujaa maji kabla chakula hakijatosha. Sembe yenyewe imekobolewa: kiini cha hindi, chenye mafuta na vitamini nyingi, kimebaki mashineni na kwenda kuwa pumba za nguruwe. Mchana kuna ugali na mchuzi wa maharage, ambao kwa mtoto mara nyingi huwa mchuzi mtupu. Mayai yapo, lakini yanawekwa yauzwe. Parachichi za daraja la kwanza zimeshapanda lori. Siwalaumu wazazi, kwa maana ada na mbolea hulipwa kwa fedha hizohizo. Ninachosema ni kwamba yai moja likitengwa kwa ajili ya mtoto kabla trei haijahesabiwa, hasara yake ni ndogo mno kuliko faida.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema kabisa, nalo ni unga unaoitwa wa lishe, ambamo mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele husagwa pamoja. Hizo zote ni nafaka, na kuzichanganya hakumpi mtoto kundi jipya la chakula. Ni afadhali kutumia nafaka moja isiyokobolewa, kisha wakati wa kupika kuongeza maziwa, yai, karanga zilizosagwa au dagaa wa Ziwa Nyasa waliotwangwa hadi kuwa unga. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasitumike hata kidogo, kwa sababu sumukuvu huharibu ini na huhusishwa pia na kudumaa.

Udumavu huanzia tumboni. Siku 1,000 zinazotajwa kliniki ni siku 270 za ujauzito na 730 za miaka miwili ya kwanza, ambamo ubongo nao hujengwa kwa kasi, na kilichokosekana hapo ni vigumu kukirudisha chote baadaye. Kwa hiyo mjamzito anayebeba kuni hadi mwezi wa tisa, anayekula mwisho baada ya wote na kusahau vidonge vya kuongeza damu, tayari mtoto wake anapungukiwa.

Wengine husema ukoo wao ni wa watu wafupi. Viwango vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na waliolishwa na kutunzwa vizuri walikua kwa namna inayokaribiana sana. Ukoo hauwezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Kliniki nyingi humpima mtoto uzito tu, nao hauonyeshi udumavu. Mzazi aombe na urefu upimwe: aliye chini ya miaka miwili hulazwa kwenye ubao, mmoja akishika kichwa na mwingine akinyoosha magoti, kisha namba huandikwa kwenye kadi. Mstari wa urefu usipopanda kwa vipimo viwili mfululizo, mhudumu aulizwe siku hiyohiyo, na nyumbani marekebisho yaanzie kwenye uji, uwe mzito wa kutulia kijikoni bila kudondoka.