Kitabu cha maisha ya Crazy Horse mi nakisomaga kuanzia nyuma

Nikipata kitabu kipya cha maisha ya Crazy Horse siendi sura ya kwanza, naenda moja kwa moja nyuma kabisa kwenye maandishi madogo, pale mwandishi anapotaja nani alimwambia nani nini na mwaka gani. Kazi yangu ni historia simulizi, na kwa huyu mtu hizo kurasa za nyuma ndo zinabeba kila kitu, sura za mbele zinasimama au zinaanguka kwa sababu yake.

Kwa asiyemfahamu: Crazy Horse, kwa Kilakota Tasunke Witko, alikuwa Moglala, yaani mtu wa kundi moja kati ya yale saba ya Walakota, watu walioishi kwa kuwinda baisoni kwenye nyika za kati za Marekani. Desemba 1866 jamaa zake waliwamaliza wanajeshi na raia wachache, jumla 81, karibu na ngome ya Phil Kearny, mwaka 1868 serikali ikasaini mkataba kwamba ardhi ile ikiwemo milima ya Black Hills ni yao, mwaka 1874 msafara wa Custer, ofisa wa jeshi la Marekani, ukaleta habari za dhahabu kwenye milima hiyohiyo, na baada ya hapo mkataba ukawa karatasi tu. Tarehe 17 Juni 1876 Crazy Horse alikuwa kwenye mto Rosebud wakimrudisha nyuma Jenerali Crook wa jeshi la Marekani, siku nane mbele akawa Greasy Grass, Wazungu wanapaita Little Bighorn, Custer alipokufa na watu zaidi ya 200. Mei 1877 akajisalimisha na watu wake karibu 900. Tarehe 5 Septemba mwaka uleule akauawa akiwa mikononi mwa jeshi pale Camp Robinson, Nebraska.

Sasa shida ni kwamba yeye mwenyewe hakutuachia kitu. Sitting Bull, kiongozi mwingine wa Walakota, alijichorea matendo yake ya vita, kopi ya michoro ile ikaangukia kwa daktari wa jeshi 1870 na bado ipo. Red Cloud, kiongozi wa Waoglala, mwaka 1893 alikaa na mfanyabiashara mmoja mzee akamhadithia maisha yake, na nataka ulione hili, karibu yote ni vita na makabila ya Wacrow na Wapawnee na mambo ya ndani ya Waoglala, anakomea kabla hata ya vita vyake na Marekani, yaani kile ambacho sisi tunamkumbukia yeye hakukihadithia pale. Crazy Horse hana mchoro, hana barua, hana picha ambayo wataalamu wameikubali kuwa ni yake. Tulicho nacho ni waliomjua, na wengi wao waliulizwa miaka 30 hadi 50 baada ya kifo chake.

Chukua mwaka wa kuzaliwa tu. Walakota walihesabu miaka kutoka theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza inayofuata na kila mwaka ukabeba jina la tukio moja ambalo mtunza hesabu alilichora, kwa hiyo mwaka wao mmoja unakaa juu ya miaka miwili ya kalenda yetu. Horn Chips, mganga aliyekua naye, alimwambia Jaji Eli Ricker mwaka 1907 kwamba Crazy Horse alizaliwa majani yakipukutika, mwaka ambao Waoglala waliiba farasi mia moja, ukifuatilia kwenye hesabu za michoro unafika 1840. Baba yake naye baada ya mauaji alitaja 1840. Ila He Dog, rafiki yake wa utotoni, alisema mwaka 1930 kwamba yeye na Crazy Horse walizaliwa mwaka mmoja, msimu mmoja, na kwamba yeye sasa ana miaka 92. Piga hesabu, unapata 1838. Mi namfuata Horn Chips na baba, sio kwamba He Dog ni muongo, hapana, ni kwa sababu mtu anaweza kupotea kwenye idadi ya miaka yake lakini tukio lenye jina kijiji kizima kinalishikilia. Mwandishi akikuandikia 1840 bila kukuonyesha njia hii, amekunyima sehemu tamu kabisa.

Huyo He Dog inabidi nikae kwake kidogo. Kiangazi cha 1930 Eleanor Hinman na mwenzake walienda Pine Ridge, South Dakota, wakamkuta mzee wa miaka 90 na kitu, wakamuuliza kwa mkalimani siku kadhaa, na karibu kila kitabu kilichokuja baadaye kinakula kwenye sahani hiyo. Ukisoma maneno yake unaona mtu aliyelelewa kwenye utamaduni ambao matendo ya vita yanatangazwa hadharani mbele ya walioyashuhudia, na ukitia chumvi unaumbuliwa palepale, kwa hiyo anasema alichoona. Anasema kwamba pambano likifika pabaya Crazy Horse alikuwa anaruka chini ya farasi ndo anapiga risasi, na kwamba hajamjua mtu mwingine aliyefanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu alitaka ahakikishe anachokilenga anakipata. Sentensi kama ile naibadilisha na kurasa ishirini za sifa za ushujaa. Inakuonyesha mtu anayetoa faida ya kasi ya farasi ili apate ulengaji, mtu wa hesabu, na He Dog anaongeza kwamba hakupenda kupoteza watu wake bure.

Halafu ulinganishe na lile pambano la 1866. Vitabu vingi vinamuweka Crazy Horse mbele ya kikosi kidogo kilichowavuta wanajeshi mtegoni, anashuka anakagua kwato za farasi, anawachokoza, stori nzuri sana, ila ukirudi nyuma kwenye maandishi madogo kumtafuta aliyekuwepo siku ile akamtaja kwa jina, mkono unabaki mtupu au karibu mtupu. Inawezekana alikuwepo. Lakini kati ya "inawezekana" na ukurasa mzima wenye rangi ya mawingu kuna umbali mkubwa, na mwandishi mwaminifu anakwambia uko upande gani.

Sasa njoo kwenye maisha ya ndani, hapa ndo pana utamu na ndo pana mitego. Karibu 1870 Crazy Horse aliondoka na Black Buffalo Woman, mke wa No Water. Mume akawafuata, akawakuta kwenye hema la mtu, akampiga Crazy Horse bastola usoni, risasi ikaingia chini ya pua upande wa kushoto ikafuata mstari wa meno ikavunja taya la juu. Akapona, akavuliwa heshima ya wavaa shati, kundi dogo la viongozi waliopewa dhamana ya watu. Anayetuambia haya kwa urefu ni He Dog. Na bastola ilitoka wapi? No Water aliiazima kwa Bad Heart Bull, ndugu yake He Dog! He Dog halifichi hilo, analisema mwenyewe, lakini wewe msomaji lazima ujue unasikia kesi ambayo familia ya shahidi imo ndani. Kuna jingine tena. Katika simulizi hiyo Little Big Man, Mlakota mwenzake, alimshika Crazy Horse mkono asichomoe kisu, na miaka saba baadaye Camp Robinson ni huyohuyo Little Big Man aliyemshika mikono askari alipomchoma. Kuna na imani kwamba Crazy Horse asingeumizwa ila akishikwa na mtu wake. Mambo mawili yanafanana mno. Mimi nadhani mshiko wa pili tunao kwa ushahidi mzito, wa kwanza nauacha mlango wazi, kwa sababu mtu akishakufa namna ile wanaomkumbuka wanaanza kuona alama kila mahali huko nyuma.

Siku yenyewe ya kifo ndo kipimo changu cha kitabu. Wiki kadhaa kabla, jeshi lilitaka Walakota wakapigane na Wanez Perce, kabila jingine la wenyeji, Crazy Horse akajibu, na mkalimani Frank Grouard akatafsiri kwamba atapigana mpaka asibaki mzungu hata mmoja. Louis Bordeaux, mkalimani mwingine, alishikilia kwamba Crazy Horse alisema mpaka asibaki Mnez Perce. Uvumi juu ya uvumi, amri ya kumkamata ikatoka. Tarehe 5 Septemba akaletwa kutoka kwenye kambi ya Spotted Tail, kiongozi mwingine wa Walakota, akiwa ameahidiwa na afisa aliyemleta kwamba atasikilizwa, mkuu wa kambi akakataa kumsikiliza, akapelekwa kwenye jengo dogo ambalo hakujua ni mahabusu mpaka alipoona vyuma. Akageuka na kisu, akashikwa, akachomwa singe, akafa karibu na usiku wa manane akiwa amelala sakafuni, chifu wa Walakota Touch the Clouds na baba yake Crazy Horse wakiwa naye.

Little Big Man baadaye alisema Crazy Horse alijichoma kwa kisu chake wakati wa purukushani. Mtu aliyemshika mikono, na ambaye aliendelea kuishi kati ya ndugu wa marehemu, angesema nini kingine? Wengine waliokuwepo wanasema singe ya mlinzi. Hata 1930 ndugu wa waliohusika, wa pande zote, walikuwa bado majirani Pine Ridge, wanakutana kwenye foleni ya mgao na kwenye misiba, na ukisoma majibu ya wazee siku zile unaona wanapotoa kila undani wa vita vya 1876 na wanapofupisha ghafla wakifika Septemba 1877.

Kwa hiyo ukikuta kitabu cha maisha yake dukani au kwenye maktaba fungua sura ya Septemba 1877 kwanza. Hesabu sauti. Ukimkuta Bordeaux, ukamkuta mkalimani Garnett, ukamkuta He Dog, madaktari na maafisa wa jeshi, na mwandishi akakwambia wapi wanapingana na kwa nini yeye amemuamini huyu na sio yule, kibebe kwa raha zako. Ukikuta simulizi moja inateremka bila kikwazo, hakuna Grouard wala Bordeaux, kirudishe kwenye rafu utafute kingine.