Je, wajua kwa nini bunduki moja ya Mauser ina nembo za mataifa mengi?

Katika makumbusho mengi ya kijeshi kuna kabati la vioo linalowachanganya wageni. Ndani yake zimepangwa bunduki ambazo ukizitazama kwa haraka ni mapacha: kitako cha mbao, mtutu mrefu, na ule mkono wa chuma upande wa kulia ambao askari huuinua na kuuvuta anapokoki. Lakini kadi ya kwanza inasema Sweden, ya pili Uturuki, ya tatu Chile, ya nne Ethiopia, ya tano Jamhuri ya Transvaal, ile ya Makaburu wa Afrika Kusini. Chuma cha moja kimechorwa mwezi na nyota, cha nyingine simba mwenye taji, cha nyingine ngao yenye jua. Zote ni Mauser.

Jibu la haraka ni kwamba Wajerumani walitengeneza, wengine wakanunua. Si uongo, ila limeacha jambo kubwa zaidi. Bunduki hii haikukamilika Ujerumani kisha ikasambazwa. Kwa karibu miaka kumi ilikuzwa na fedha na masharti ya wateja wa nje, wakati jeshi la Ujerumani lenyewe likitumia bunduki nyingine. Ndiyo maana tofauti unazoziona kabatini zinakwenda ndani kuliko pambo la juu. Nyingi kati yake ni hatua za ukuaji, na kila hatua ililipiwa na taifa fulani.

Wenye jina hilo walikuwa ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wana wa fundi wa kiwanda cha silaha cha mfalme wa Württemberg katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar. Bunduki yao ya mwaka 1871 ilipokewa na Dola mpya ya Ujerumani. Ilikuwa na tundu la mtutu la milimita 11, ilitumia baruti nyeusi, na ilipiga risasi moja tu kabla ya kupakiwa upya. Wilhelm alifariki mwaka 1882. Paul, aliyekuwa fundi hasa kati ya hao wawili, akaendelea.

Mwaka 1886 Ufaransa ilitoa bunduki ya Lebel, ya kwanza ya kijeshi kutumia baruti isiyo na moshi. Baruti hiyo ilirusha risasi ndogo kwa kasi kubwa bila kuacha wingu linalomfichua mpigaji. Kila jeshi la Ulaya likajikuta limepitwa. Ujerumani ilijibu kwa pupa: tume ya jeshi ilibuni bunduki yake mwaka 1888, na Paul Mauser akaachwa kando. Alikuwa na kiwanda, ujuzi na mafundi, lakini nchi yake haikumhitaji kwa wakati ule.

Wateja walikuwa nje. Mwaka 1887 Dola ya Osmania ilikuwa imeagiza bunduki nusu milioni, na katika mkataba Waturuki waliingiza sharti ambalo naliona kuwa la busara kuliko yote katika historia hii: kama ufundi utasonga mbele kabla oda haijakamilika, wana haki ya kupewa zilizobaki katika umbo jipya. Baruti isiyo na moshi ilipokuja, wakadai haki yao. Ndiyo maana leo utaona Mauser ya Uturuki ya 1887 yenye tundu la milimita 9.5, na karibu yake ya 1890 yenye milimita 7.65. Zimezaliwa na mkataba mmoja, ila ni silaha za zama mbili.

Ubelgiji nayo ilitaka bunduki ya kisasa, na ikataka itengenezwe nyumbani. Mwaka 1889 kiwanda cha Fabrique Nationale, kinachojulikana zaidi kwa herufi FN, kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, kwa kazi hiyo: kutengeneza Mauser 150,000 za jeshi la Ubelgiji. Bunduki hiyo ya 1889 ilipakiwa risasi tano kwa mpigo, zikisukumwa kwa kidole kutoka kwenye kibanio chembamba cha chuma. Argentina ikafuata mwaka 1891. Mwaka 1893 Hispania ikapata aina ambayo risasi zake tano zimelala kwa kupishana ndani ya mwili wa bunduki, bila sanduku kuning'inia chini, na tundu lake likawa la milimita 7. Mwaka huohuo Waturuki wakachukua umbo la Hispania, wakabaki na milimita 7.65 zao na kuongeza kipande cha kuzuia risasi za akiba. Sweden ilichagua milimita 6.5 na ikashikilia hata aina ya chuma kitakachotumika. Katika mji wa Oberndorf jengo linaloitwa Schwedenbau, lililopata jina lake kutokana na oda ya Sweden, sasa ni nyumba ya makumbusho ya mji na silaha zake.

Mauser ilikuwa kama kanga: mji na pindo vilikaribiana, jina likabadilika kwa mnunuzi. Ila hapa kila mnunuzi aligusa na ufumaji. Aliyefuata alipata kilichoboreshwa kwa mfuko wa aliyetangulia.

Uthibitisho ulikuja Cuba tarehe 1 Julai 1898, katika vilima vya San Juan. Wanajeshi wa Marekani walishinda, lakini Wahispania wachache wenye Mauser zao za 1893 waliwaumiza vibaya. Marekani haikusahau. Bunduki yake mpya ya Springfield ya 1903 ilichukua mengi kutoka kwa Mauser, kiasi kwamba serikali ililazimika kumlipa Mauser dola 200,000 kwa ajili ya hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi. Ukiiona Springfield kabatini ikiwa imewekwa peke yake upande wa Marekani, jua kwamba na yeye ni wa ukoo.

Mwaka huohuo wa 1898, tarehe 5 Aprili, Ujerumani hatimaye ilikubali bunduki ya Paul Mauser kuwa ya jeshi lake: Gewehr 98, yenye tundu la milimita 7.92 na urefu wa sentimita 125. Yaliyojifunzwa kupitia Ubelgiji, Uturuki, Hispania na Sweden yamo ndani yake, pamoja na kishikizo cha tatu cha usalama nyuma ya boliti, kile chuma kinachosogezwa na mkono wa kukokia. Watu huiita bunduki ya Kijerumani kweli kweli. Mimi naona ni ya Kijerumani kwa mahali ilipozaliwa, ila malezi yake yalilipiwa na wengi.

Sasa nembo. Kwa kawaida hupigwa juu ya chemba, pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Ubavuni, mara nyingi kushoto, huandikwa kiwanda na mwaka. Serikali ilipiga nembo kuonyesha kuwa silaha ni mali yake, na zikipotea au zikiibwa zijulikane. Zile za Osmania zina maandishi ya herufi za Kiarabu, na mwaka wake si wa Miladi. Za Dola Huru ya Orange, jirani wa Transvaal, zina herufi tatu, OVS, kifupi cha jina lake kwa Kiholanzi. Za Iran, nyingi zikiwa zimetengenezwa Brno huko Chekoslovakia, zina simba aliyebeba upanga na jua mgongoni.

Hata hivyo, mwenye hamu ya historia asiishie kwenye nembo nzuri iliyosalimika. Atafute iliyofutwa, iliyopigwa juu ya nyingine, au isiyolingana na kadi. Hapo ndipo bunduki inaposimulia.

Argentina iliuza nyingi kati ya bunduki zake za zamani baada ya kusaga ngao iliyokuwa juu ya chemba, kwa hiyo utaona duara laini mahali palipokuwa na jua la taifa. Katika Chile zimepatikana Mauser zenye OVS. Zilikuwa zimeagizwa na Dola Huru ya Orange, vita na Uingereza vikaanza mwaka 1899 kabla hazijafika, na mtengenezaji akatafuta mteja mwingine upande wa pili wa dunia. Makaburu waliopata zao, baada ya Rais Kruger kununua kiasi cha 37,000 kwa ajili ya Transvaal, walichonga majina na herufi zao kwenye vitako. Bunduki ya namna hiyo ina wenye mali wawili: dola kwenye chuma, mkulima kwenye mbao.

Uturuki ilipokuwa jamhuri haikutupa Mauser za masultani. Katika miaka ya 1930 karakana za Ankara zilizichukua bunduki kuukuu, zikazibadilisha mitutu kuwa ya milimita 7.92 na kupiga alama mpya kwa herufi za Kilatini. Ndiyo maana bunduki moja inaweza kubeba maandishi ya Kiosmania na herufi za jamhuri, umbali wa vidole vichache tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalizidi. Ujerumani ilikuwa imetengeneza mamilioni ya aina fupi iliyopokewa mwaka 1935, Karabiner 98k, na zilitapakaa Ulaya nzima. Kiwanda cha Kragujevac huko Yugoslavia kilisaga alama za Kijerumani na kupiga nembo ya nchi hiyo ya kisoshalisti. Norwei iliziwekea mitutu ya risasi za Kimarekani na kupiga neno HÆR, yaani jeshi la nchi kavu. Na mwaka 1948 Chekoslovakia iliiuzia Israeli bunduki hizo hizo. Zipo ambazo juu yake kuna Nyota ya Daudi, na karibu yake alama za utawala wa Wanazi, uliowaua Wayahudi milioni sita, zingali zinasomeka. Sijui kifaa kingine kidogo kiasi hicho kinachobeba karne ya ishirini kwa ukatili wa wazi namna hiyo.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika kabati hili, na haianzi na bunduki nzuri. Askari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, Schutztruppe, walipewa zile za 1871 za baruti nyeusi. Ni bunduki zilizotumika dhidi ya watu wetu katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Vita Kuu ya Kwanza vilipofika mwaka 1914, kombania nyingi zilikuwa bado nazo, na kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Serikali iliyokuwa na Gewehr 98 Ulaya iliona ya 1871 inamtosha askari Mwafrika. Kadi za makumbusho zinapaswa kulisema hilo waziwazi.

Namna silaha zilivyobadilika katika vita hivyo inafuata hatua za mapigano yenyewe. Mwezi Novemba 1914 Tanga, Waingereza walioshindwa waliacha bunduki za kisasa na bunduki za rashasha, zikagawiwa kombania za Kijerumani. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipigwa mizinga na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena yake iliopolewa: Mauser 98 zenyewe, na risasi zilizofumuliwa moja moja, baruti ikaanikwa, kisha zikaunganishwa tena. Tarehe 25 Novemba 1917, kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, kilivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, na askari wengi wakabadilisha bunduki hapo hapo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 25 Novemba, kikosi hicho kilisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Katika orodha aliyoiandika Lettow-Vorbeck mwenyewe kuna bunduki 1,071, na zinatajwa kuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la mwisho la Kijerumani kuweka silaha chini lilikabidhi bunduki za adui zake. Kwa hiyo kadi inayosema "bunduki ya Schutztruppe" bila mwaka wala mahali haijasema kitu. Ya Songea 1905 na ya Abercorn 1918 ni bunduki tofauti kabisa.

Ethiopia ilinunua kwa hiari yake. Haile Selassie, aliyetawazwa mwaka 1930, aliagiza Mauser kutoka FN, na nembo yake ilikuwa Simba wa Yuda. Wakufunzi wa Kibelgiji walifundisha walinzi wake wa kifalme. Na mwaka 1935, Italia ikijiandaa kuvamia, Ujerumani ya Hitler, iliyokuwa wakati huo imegombana na Mussolini juu ya Austria, iliiuzia Ethiopia maelfu ya Mauser kwa siri, alama za Kijerumani zikiwa zimeondolewa. Miaka michache baadaye Hitler na Mussolini walikuwa washirika vitani.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya kabati la namna hii, anza juu ya chemba, kisha angalia ubavuni, kisha namba. Mauser huwa na namba yake kwenye mtutu, kwenye boliti na kwenye sehemu nyingine ndogo. Zikilingana, kwa kawaida imetunzwa pamoja tangu kiwandani. Zikitofautiana, imepita mikononi mwa fundi wa karakana aliyekusanya vipande vya bunduki kadhaa ili apate moja inayofanya kazi, na hilo hutokea zaidi kwa jeshi lililo vitani au lisilo na fedha. Kwenye kitako cha ya Sweden tafuta kisahani cha shaba chenye alama ndogo zinazoeleza hali ya ndani ya mtutu. Ukikuta sehemu iliyosagwa, muulize mhifadhi nani aliisaga na lini. Mara nyingi atakuwa na jalada lenye maelezo marefu kuliko yaliyotosha kwenye kadi, na wahifadhi wengi hufurahi kuulizwa swali la namna hiyo.