Control+Z haiui programu, na mengine tunayodanganyana kuhusu terminali

Nikikaa na vijana wanaosoma kompyuta hapa Dodoma, wengi wao wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), nasikia mambo yaleyale kuhusu terminali, lile dirisha la kuandikia amri, yakirithishwa kutoka mwaka wa pili kwenda mwaka wa kwanza. Naomba tuyanyooshe, maana yanapotezea watu kazi za usiku kucha.

Dhana: Control+Z inafunga programu.

Haifungi, inaisimamisha tu. Programu haitumii tena prosesa, lakini bado imekalia memori na kila ilichokishika. Ndiyo maana mtu anayejaribisha tovuti yake anabonyeza Control+Z, anaiwasha upya, kisha anakutana na ujumbe "Address already in use". Ile ya kwanza bado imeshikilia poti 8000, yaani namba ya mlango ambao tovuti hiyo inapokelea wageni! Andika `jobs`, utaiona pale na neno Stopped. `fg %1` (1 ni namba yake kwenye orodha hiyo) inairudisha mbele, `bg %1` inaiacha iendelee nyuma huku wewe ukifanya mengine. Ukitaka kuifunga kweli, irudishe mbele kisha bonyeza Control+C.

Dhana: Ukiweka alama ya & mwishoni mwa amri, hata ukifunga dirisha kazi itaendelea.

Alama ya & inakurudishia tu nafasi ya kuandika amri nyingine. Dirisha likifungwa, programu zake hupata ishara ya SIGHUP, yaani taarifa kwamba terminali yao imeondoka, na nyingi hufa hapohapo. Anza na `nohup`, inayoifanya programu ipuuze ishara hiyo, mfano `nohup python3 takwimu.py &`, na matokeo utayakuta kwenye faili la nohup.out. Kama ulisahau na kazi imeshaanza, isimamishe kwa Control+Z, iweke nyuma kwa `bg`, kisha andika `disown` ili dirisha liachane nayo.

Dhana: tmux ni ya kugawa skrini ipendeze.

tmux ni programu inayoendesha vikao vya terminali, na dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kugawa skrini ni faida ndogo. tmux ilitoka mwaka 2007, na kabla yake kulikuwa na programu ya aina hiyohiyo, GNU Screen ya mwaka 1987. Zote zinaweka kazi zako mahali pasipotegemea dirisha ulilofungua. Uko Nzuguni, umeingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao) kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, umewasha tmux humo, bando linakata katikati ya kazi. Kazi haijafa. Ukirudi hewani unaingia tena kwenye seva, unaandika `tmux attach`, unaikuta inaendelea. Ukitaka kutoka mwenyewe bila kuivuruga, bonyeza Control+b, kisha d.

Ila tmux iwashwe kule kwenye seva, baada ya kuingia. Wengi huiwasha kwenye kompyuta mpakato kwanza, ndipo waingie kwa SSH. Mtandao ukikatika, kilichobaki salama ni dirisha tupu. Na seva yenyewe ikizimwa, vikao vya tmux huondoka nayo.

Dhana: `kill -9` ndiyo njia ya kawaida ya kuzima programu.

`kill` bila -9 hutuma SIGTERM, ishara ya kuiomba programu ijifunge, na programu iliyoandikwa vizuri hupata nafasi ya kufunga mafaili yake. Ukiweka -9 haipati nafasi hiyo, na data isiyohifadhiwa hupotea. Jaribu ya kawaida kwanza, subiri sekunde chache, ndipo uende huko.