Jalada halipotei, liko mezani kwa mtu

Mzee aliingia masjala, ofisi yetu ya kutunzia majalada, saa nne asubuhi, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amestaafu ualimu, na mafao yake yalikwama kwa karatasi moja: barua ya kuthibitishwa kazini ya mwaka 1984. "Mwanangu," akasema, "nakala yangu ilikwenda na mafuriko. Ya kwenu iko wapi?"

Jalada lake binafsi tulikuwa nalo, nene, limefungwa kamba. Lakini lilianzia mwaka 1991. Sehemu ya kwanza haikuwepo rafuni. Tuliitafuta siku kumi na moja. Tuliikuta ndani ya boksi la majalada ya mtumishi mwingine ambaye jina lake la mwisho linafanana na la mzee, kwa sababu miaka hiyo kuna mtu alipanga kwa kutazama jina badala ya namba. Haikuguswa na mchwa wala moto.

Nina miaka 19 kwenye kada ya kumbukumbu, na swali ninaloulizwa zaidi ni namna ya kuzuia karatasi zisioze. Nalijibu haraka: rafu za chuma, zisigusane na ukuta wala sakafu, madirisha yasipitishe jua la moja kwa moja, ukanda wa pwani pambaneni na unyevu kabla ya panya, pini zenye kutu zitolewe, chai isiingie. Hayo yanafahamika na yanafanyika hata kwa bajeti ndogo. Kwa ninavyoona, hata hivyo, karatasi nyingi zinazokosekana serikalini zipo nzima kabisa mahali fulani. Zimekosa anwani tu.

Anwani ya barua hutengenezwa siku ile ile inayofika. Inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inawekwa kwenye jalada lake na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi hiyo ndani ya jalada. Afisa anaandika dokezo, maoni yake mafupi ndani ya jalada, akiitaja folio hiyo. Jalada likitoka masjala, kutoka kwake kunaandikwa: limekwenda kwa nani, lini. Ukiyasoma haraka utaona ni urasimu wa kuchosha. Lakini hebu toa hatua hiyo ya mwisho peke yake. Afisa anampelekea mwenzake jalada juu kwa juu, mwenzake anahamishwa, droo inafungwa, funguo inaondoka naye. Miaka mitatu baadaye mkaguzi anaomba mkataba na sisi tunasema "jalada limepotea", kana kwamba lina miguu.

Ndiyo maana naithamini sensa ya majalada kuliko dawa ya mchwa. Mnapita ofisi kwa ofisi, mnaandika kila jalada mlilolikuta na liko kwa nani. Haihitaji fedha. Inahitaji mkuu wa taasisi aruhusu hata droo yake ifunguliwe, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Upande wa pili wa anwani ni kujua kitu kiondoke lini. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuteketeza kumbukumbu za umma kwa uamuzi wake mwenyewe. Wengi wanaijua nusu hiyo tu, kwa hiyo wanaogopa kugusa chochote, na makaratasi yanajaa hadi chini ya ngazi, nakala sita za mwaliko wa kikao zikilala juu ya hati ya kiwanja. Nusu nyingine ni jedwali la uhifadhi na uteketezaji: kila aina ya kumbukumbu inapewa muda wake wa kukaa ofisini, kisha kwenda kwenye kituo cha kumbukumbu tuli, zile zisizotumika tena kila siku, kisha ama kuteketezwa kwa kibali au kuhifadhiwa daima. Serikali ilipohamia Dodoma nilishuhudia ofisi mbili zikifungasha. Moja ilikuwa na jedwali, nyingine haikuwa nalo. Ile ya pili ilisafirisha hadi magazeti ya zamani.

Sasa kompyuta. Wapo wanaoamini kwamba skana itaponya haya yote. Aliwahi kuja afisa mmoja kwa furaha na diski ngumu yenye kurasa elfu arobaini zilizoskaniwa. Nikaifungua: SCAN0001, SCAN0002, SCAN0003... Hapakuwa na namba ya jalada, tarehe wala mwandishi. Na majalada yenyewe yalishavunjwa kamba ili karatasi zipite kwenye mashine, kwa hiyo hata mpangilio wa zamani ulikuwa umekufa. Kuipa kila picha jina lake kulituchukua muda mrefu kuliko kuskani. Ukitaka kuanza, anza na orodha: jalada gani, lina folio ngapi, nani anaruhusiwa kuliona. Skana iwashwe mwisho.

Kuna karatasi moja ambayo ningeiskani leo kabla ya zote, nayo ni risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Inachapwa kwa joto, bila wino, na ikikaa mahali pa joto inafifia. Mhasibu anaibana kwenye hati ya malipo, na mkaguzi akifika anakuta kipande cheupe. Hoja ya malipo yasiyo na viambatisho inapoandikwa, kiambatisho wakati mwingine kipo pale pale kimebanwa. Hakisomeki tu.

Uhai wa faili la kielektroniki nao ni jambo la kufanyiwa kazi. Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Yamepita miaka mia na bado unayafungua ukasoma, mradi ujue mwandiko wao. Mimi nina disketi za miaka ya tisini kabatini, na hakuna kompyuta hata moja ofisini yenye tundu la kuzipokea. Ndiyo sababu hati za kudumu tunazigeuza kuwa PDF/A, muundo unaobeba fonti zake ndani ili usitegemee programu ya mtu fulani. Tunaweka nakala zaidi ya moja, angalau moja nje ya jengo, na kila mwaka tunazijaribu kama zinafunguka. Kila faili tunalipigia hesabu ya SHA-256, kama alama ya kidole ya faili, ambayo inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mtu akibadili nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unabadilika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie kama namna ya kutunza taarifa inaaminika. Ukiwa na hesabu ya siku faili lilipohifadhiwa na ya leo, una la kuonyesha.

Mfumo wa ofisi mtandao, unaopitisha madokezo kwa kompyuta, umetusaidia kwa kitu ambacho rejesta haikuweza: dokezo haliondoki bila saa na jina la aliyelituma. Tatizo limehamia WhatsApp. Bosi akiwa safarini anaandika "endelea na malipo", afisa anaendelea, na maelekezo yanabaki kwenye simu ya mtu binafsi, siku moja inaanguka ndani ya ndoo. Nawaambia vijana wangu waandike dokezo siku hiyo hiyo: "Kwa maelekezo yako ya simu ya tarehe fulani, nimefanya hivi," na waambatishe picha ya ujumbe. Wapo mabosi wanaokasirika. Waliokwisha kuhojiwa na wakaguzi hawakasiriki.

Ijumaa iliyopita tulifanya sensa. Nilirudi masjala na majalada tisa. Moja lilikuwa limekunjwa na kusukumizwa dirishani kuzuia upepo, na ndani yake mlikuwa na mkataba wa ulinzi wa jengo hilo hilo.