Bangi ni dawa? Niambie kwanza ni miligramu ngapi

Hoja ya bangi ikiibuka, iwe bungeni au kijiweni Kinondoni, watu hugawanyika upesi. Huyu anasema ni mmea tu, babu zetu walivuta na wakafa wazee. Yule anasema inatia wazimu, basi, hakuna la kujadili. Mimi ni mfamasia, na kwangu ubishi huo unakwama mahali pamoja: hakuna anayetaja kiasi. Bangi ipi, yenye nguvu gani, imeingia mwilini kwa njia gani, kwa mtu wa umri gani? Bila hayo, wote wawili wanaweza kuwa na ukweli kidogo na wakabishana mpaka alfajiri.

Kinacholevya kwenye bangi ni THC, kemikali iliyotengwa mwaka 1964 nchini Israeli na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Ndugu yake ni CBD, ambayo hailevyi. Zipo nyingine nyingi za ukoo huo, ila mjadala karibu wote unazibeba hizi mbili. Bangi zilizokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na THC ya takriban asilimia 4. Kufikia 2014 zilikuwa zimefika kama asilimia 12. Hapa kwetu Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikikamata skanka, aina yenye THC nyingi kuliko bangi ya kawaida, inayoingizwa kutoka nje.

Sasa piga hesabu. Msokoto wa nusu gramu wenye THC asilimia 4 una miligramu 20. Msokoto wa uzito uleule wenye asilimia 20 una miligramu 100. Kwa macho huwezi kuitofautisha, na anayeuza kete hajui. Hoja ya babu inaishia hapo: alichovuta babu si hiki.

Mvutaji hapati chote kilichomo. Sehemu inaungua, sehemu inapotea na moshi, na kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 10 hadi 35. Ila kinafika haraka. Dakika chache tu anaanza kuhisi, na baada ya saa 2 hadi 4 makali yanapungua. Kasi hiyo humpa nafasi ya kuacha akiona imetosha.

Ya kula ni habari nyingine

Biskuti, keki na asali zilizotiwa bangi zimeshaingia mjini, na ndizo zinazonitia hofu kuliko msokoto. THC iliyoliwa hupita kwenye ini kwanza, na ini huibadilisha kuwa kemikali nyingine inayoingia kwenye ubongo kwa urahisi na kulevya vizuri tu. Kuanza kuhisi huchukua nusu saa hadi saa 2. Kilele huja saa 2 hadi 4 baada ya kula, na ulevi unaweza kudumu saa 8 au zaidi. Hapo ndipo mtu anapokosea: anakula biskuti moja, anasubiri dakika 40, haoni kitu, anasema nimepigwa, anaongeza mbili. Zote tatu zinampanda pamoja.

Kwa asiyezoea, miligramu 2.5 za THC ya kula zinatosha kumbadilisha. Colorado, ambako bidhaa hizi ni halali, sheria imeweka miligramu 10 kuwa kipimo kimoja na 100 kuwa mwisho wa pakiti nzima. Anayepika jikoni Manzese hana mzani wa THC. Akitumia gramu 10 za bangi ya asilimia 10, kwenye unga wake kuna hadi miligramu 1,000. Agawe biskuti 40, kila moja inaweza kubeba 25, yaani mara kumi ya kile kidogo nilichotaja, tena kama mchanganyiko umekaa sawa. Haukai sawa. Mafuta hujikusanya upande mmoja, biskuti moja ikabaki karibu tupu na ya pili ikabeba mzigo wa tatu.

Mtu mzima aliyezidisha huwa na mapigo ya moyo yanayokimbia, hofu kubwa, kutapika, na kuamini kabisa kwamba anakufa. Mara nyingi hafi. Mwenye ugonjwa wa moyo nisingemwekea dhamana. Mtoto ni suala tofauti kabisa: hulegea, husinzia asiamshike, na pumzi inaweza kupungua. Hiyo ni dharura ya hospitali, si ya kungoja ipite yenyewe.

Na tafadhali, maziwa hapana. Najua ndiyo dawa ya kwanza ya kila sumu mitaani kwetu, lakini THC hupenda mafuta, na chakula chenye mafuta husaidia nyingi zaidi kufyonzwa. Maji ya chumvi ya kumtapisha mtu anayesinzia yanaweza kuishia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, chukua biskuti iliyobaki pamoja na karatasi yake, nenda. Ukifika, mwambie daktari ukweli. Mzazi akificha, mtoto atapimwa malaria, atahisiwa homa ya uti wa mgongo, atatobolewa mgongo bila sababu.

Inatibu nini hasa

Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti nene baada ya kupitia tafiti nyingi. Ushahidi mzuri ulipatikana kwenye mambo machache: maumivu sugu ya watu wazima, kichefuchefu kinacholetwa na dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa skilerosisi anuwai, ugonjwa wa neva. Mengine mengi ushahidi wake ulikuwa dhaifu au haukuwepo. Presha ya macho ni mfano mzuri wa jambo la kweli lisilosaidia. Bangi huishusha kweli, lakini kwa saa 3 au 4 tu, hivyo mgonjwa angelazimika kuvuta mchana na usiku. Matone ya dukani hufanya kazi hiyo kwa tone moja jioni.

Kwenye kifafa cha watoto ndiko CBD ilikopata heshima. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya kunywa ya CBD, kwa aina mbili adimu za kifafa, Dravet na Lennox-Gastaut. Wazazi wengi wamesikia nusu ya habari hiyo, na sasa wanauziwa mafuta ya CBD kwa WhatsApp. Basi tuangalie chupa. Epidiolex huanzwa kwa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na baada ya wiki hupandishwa hadi 10. Mtoto wa kilo 15 anafikia miligramu 150 kwa siku. Chupa ndogo ya mililita 10 iliyoandikwa miligramu 300, kama maandishi yenyewe ni ya kweli, inakwisha siku ya pili. Muuzaji anakuambia matone matatu asubuhi na jioni, itakaa mwezi. Kwa kiasi hicho mtoto anapata miligramu 10 kwa siku. Anapewa mafuta ya gharama.

Hatari kubwa hapo si mafuta. Ni mzazi kuacha fenobabitoni au valproeti kwa sababu amepata "ya asili". Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja lisilokatika. Na CBD ikiwa nyingi kweli, nayo si maji: ikichanganywa na valproeti huongeza uwezekano wa ini kuathirika, na huongeza usingizi kwa anayetumia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye ajihadhari, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali, nashangaa watu wanavyoipigania bangi wakati mofini ya kunywa ipo kihalali, hutolewa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, na dozi yake inahesabika.

Akili, tumbo na mkojo

Je, inatia wazimu? Wengi wanaovuta hawapati ugonjwa wa akili. Lakini utafiti uliochapishwa 2019, uliokusanya wagonjwa kutoka vituo 11 vya Ulaya na Brazil, uliona kwamba wanaovuta kila siku walikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi wa kupata ugonjwa wa kusikia sauti na kudhani wanafuatiliwa. Waliovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikaribia mara tano. Kuna wanaojibu kwamba damu ya ukoo huchangia yote mawili, kuvuta na kuugua, na hoja hiyo ina uzito. Ila kiwango kikipanda hatari nayo inapanda, na mimi hilo siwezi kulipuuza. Kijana wa miaka 15 ambaye mjomba wake amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili asiiguse. Na aliyevuta jana akaanza kuongea peke yake, akiendelea hivyo siku kadhaa baada ya kuacha, apelekwe hospitali kabla ya kwenda kwa mganga.

Uraibu upo. Makadirio yanayotumika sana ni kama mtu 1 kati ya 11 waliowahi kuitumia, na karibu 1 kati ya 6 walioanza wakiwa vijana wadogo. Akiacha, siku za kwanza huwa na hasira, hukosa usingizi na hamu ya kula, na kwa kawaida hali hutulia ndani ya wiki mbili. Kliniki za methadoni za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke si za huyu. Methadoni ni ya heroini. Mvuta bangi anahitaji ushauri nasaha.

Mvutaji wa miaka mingi anayetapika kwa vipindi na kupata nafuu akioga maji ya moto huishia kumezeshwa omeprazoli miezi na miezi kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Tiba yake ni kuacha.

Kuhusu mkojo: kipimo cha kijiti hakionyeshi kwamba mtu amelewa sasa. Kinatafuta mabaki. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku 3 hivi, wa kila siku kwa mwezi au zaidi, kwa sababu THC hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili. Zaidi ya hapo, efavirenzi, dawa ya ARV, imewahi kusababisha baadhi ya vijiti kusoma bangi pasipo bangi. Dereva anayetumia dawa hiyo ana haki ya kudai kipimo cha uhakika cha maabara kabla ya barua ya kufukuzwa, na si lazima amtajie mwajiri ugonjwa wake ili akidai.

Sheria

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina huruma. Kulima kunaweza kukupeleka jela miaka 30, na kusafirisha mzigo mkubwa ni kifungo cha maisha. Wanaotaja kura ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020 kana kwamba ilihalalisha bangi wamesikia vibaya: kwa kura 27 dhidi ya 25 bangi iliondolewa kwenye Jedwali la IV la Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, orodha ya zinazobanwa kuliko zote, lakini ikabaki Jedwali la I, ambalo nalo ni la dawa zinazodhibitiwa. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya 2018 nayo inahusu matumizi binafsi ya mtu mzima akiwa faraghani, nchini humo. Haikusindikizi hadi uwanja wa ndege wa Dar.

Wanaotaka tulime kwa kuuza nje hutaja Lesotho, iliyotoa leseni 2017. Hawataji kwamba mnunuzi wa dawa Ulaya hununua mavuno yaliyopimwa shehena kwa shehena: THC kiasi gani, viuatilifu, metali nzito, ukungu. Shamba linataka uzio, kamera na maabara. Mkulima wa bangi wa Kisimiri, Arusha, mwenye robo eka mlimani hayumo katika biashara hiyo, hata sheria ikibadilishwa kesho.