Mwanga mkali na mwanga laini katika picha za video

Neno "mkali" linatuchanganya. Tumezoea kusema jua kali kwa maana ya jua linalochoma, kwa hiyo anayeanza kushika kamera hudhani mwanga mkali ni mwanga mwingi na mwanga laini ni mwanga kidogo. Kwa wapiga picha sivyo. Mwanga mkali ni ule unaotoa kivuli chenye ukingo dhahiri. Mwanga laini kivuli chake hufifia polepole, hujui kimeishia wapi. Kibatari hutoa mwanga kidogo sana, lakini tazama kivuli chake ukutani: kina ukingo. Anga yenye mawingu saa nne asubuhi ina mwanga tele, na bado ni laini.

Kinachoamua ni jinsi chanzo cha mwanga kinavyoonekana kikubwa au kidogo kwa yule anayepigwa picha. Jua lenyewe ni kubwa ajabu, ila liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, kwetu ni kiduara unachoweza kukiziba kwa ncha ya kidole. Wingu likitanda, mwanga hautoki tena kwenye kiduara hicho. Anga nzima inakuwa taa.

Hapa Moshi tofauti hiyo inaonekana bila kununua taa hata moja. Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwenye saa sita na nusu mchana, jua hupita karibu utosini. Mrekodi muuza mitumba wa Mbuyuni muda huo: macho yanazama gizani, pua inaangusha kivuli hadi mdomoni. Hata akitabasamu, mtazamaji atahisi kuna jambo analificha. Rudi Julai, mawingu yakiwa yamefunika mlima, uso uleule utaonekana mpole na wa karibu. Wengi huahirisha kazi kwa sababu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haionekani. Mimi naona hizo ndizo siku bora za kurekodi nyuso.

Sasa tuseme tunasimulia habari ya binti aliyerudi Kibosho kumwambia mama yake kwamba ameacha chuo. Mama yuko jikoni anamenya ndizi za mtori. Mweke karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja; kwake dirisha hilo ni kubwa, mwanga wake laini. Binti abaki mlangoni, kwenye ukuta wa mbali. Kwake dirisha lilelile limekuwa dogo, mwanga umepungua, kivuli kimeanza kupata ukingo. Hajasema neno, na tayari hawako mahali pamoja. (Angalia tu migomba ya nje: majani huutia mwanga ukijani, ngozi ikaonekana ya mgonjwa. Weka karatasi nyeupe pale alipo mwigizaji, urekebishe rangi ya kamera kwa hiyo.)

Wanaoanza hushughulikia taa wakaisahau kamera. Ukisimama dirishani, mwanga ukitokea nyuma yako, unauona ule upande tu wa uso uliomulikwa. Uso unakuwa bapa, hakuna siri. Vuka chumba, urekodi kutoka upande wa kivuli. Dirisha ni lilelile, mama ni yuleyule, lakini sasa shavu lililo karibu na lenzi liko gizani na mstari mwembamba wa mwanga unapita kwenye paji la uso. Binti anapofungua kinywa, kamera iwe hapo.